Neno Kama Dawa: Lugha na Ufikivu wa Unasihi wa Afya ya Akili kwa Watu Wenye Ulemavu katika Majiji ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Unasihi ni tiba inayotolewa kwa maneno. Aliyevunjika mguu anaweza kufungwa plasta na daktari asiyeelewana naye lugha, na mfupa ukaunga. Aliyevunjika moyo hana bahati hiyo. Makala hii inachunguza jinsi lugha inavyowafungulia au kuwafungia watu wenye ulemavu mlango wa unasihi wa afya ya akili katika majiji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Inaangalia majina wanayoitwa, hojaji wanazoulizwa, ukalimani wa lugha ya alama katika chumba cha unasihi, na nafasi ya Kiswahili. Inadai kwamba ufikivu ukiendelea kueleweka kama suala la majengo pekee, sheria nzuri za Uganda hazitamfikia mteja anayezihitaji.

Maneno msingi: unasihi, ufikivu, lugha ya alama, ukalimani, hojaji, ulemavu

Utangulizi

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na miji mingine mitano ya Uganda. Kila moja ina hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, na wagonjwa huja kutoka wilaya za jirani, wengine wakisafiri nusu siku. Ada katika vituo vya afya vya serikali ilifutwa mwaka 2001. Kwa maandishi, basi, mkazi wa Busoga au wa miteremko ya Mlima Elgon anayesumbuliwa na huzuni isiyoisha anaweza kuingia hospitalini na kuhudumiwa bila malipo.

Hali halisi ina mikunjo zaidi. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni takriban mmoja kwa kila watu milioni moja, kwa hiyo kazi kubwa hubebwa na maafisa tabibu wa afya ya akili, wauguzi na wanasihi. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba takriban asilimia 12.4 ya Waganda wanaishi na aina fulani ya ulemavu. Watu hao hukabiliwa na umaskini, upweke, dhuluma na kubezwa kwa kiwango kinachozidi cha majirani zao, nayo mambo hayo ndiyo yanayozaa msongo na sonona popote duniani. Kundi linalohitaji unasihi kwa wingi ndilo ambalo unasihi haukubuniwa likiwa akilini.

Sera zinapotaja ufikivu, aghalabu macho hukimbilia mlangoni: je, kuna mteremko wa kiti cha magurudumu, choo ni kipana, ngazi zina vishikio? Hayo ni ya lazima na bado hayajatimizwa. Lakini katika unasihi mtu anaweza kupita mlango mpana, akakaa kwenye kiti kizuri, akaondoka bila kupata chochote. Suala linaloanzia hapo ni la isimu kabla halijawa la ujenzi.

Unasihi ulivyoingia Jinja na Mbale

Nchini Uganda neno la unasihi lilienea vinywani mwa watu kwa sababu ya UKIMWI. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, ndilo lililoufanya unasihi kuwa huduma inayojulikana na mtu wa kawaida, na hadi leo lina vituo Jinja na Mbale. Kwa Kiganda, kinachosikika sana katika majiji yote mawili, kazi hiyo iliitwa okubudaabuda, yaani kumliwaza na kumtuliza aliyefikwa na jambo. Jina hilo lina faida yake: halina harufu ya hospitali. Anayeliwazwa si lazima awe mgonjwa.

Jinja ilitoa pia funzo ambalo wapangaji wa huduma za afya ya akili hawajalitumia vya kutosha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet, watu 1,453 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi kupitia TASO Jinja waligawanywa kwa maeneo 44. Baadhi ya maeneo yalihudumiwa kwa mahudhurio ya kliniki. Katika mengine, wahudumu waliopewa mafunzo, ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi, waliwafuata wateja nyumbani kwa pikipiki kila mwezi. Matokeo ya kiafya ya pande mbili hayakutofautiana kwa namna ya kutia shaka. Utafiti huo haukuhusu ulemavu. Hata hivyo, kwa mtu asiyeweza kupanda bodaboda kwa sababu mgongo wake haumruhusu, swali kama huduma inaweza kumfuata nyumbani bila kupoteza ubora lilikwisha kujibiwa katika barabara za vumbi za Busoga, na jibu lilikuwa ndiyo.

Funzo la pili linatoka kusini mwa nchi. Kabla ya jaribio la tiba ya vikundi katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, lililochapishwa mwaka 2003, Paul Bolton na wenzake waliwauliza wanavijiji wenyewe ni matatizo gani yanayowasumbua na wanayaitaje. Yalijitokeza majina mawili ya Kiganda: y'okwekyawa, hali ya mtu kujichukia, na okwekubazida, hali ya kujihurumia. Vipimo na mazungumzo ya wiki 16 vilijengwa juu ya majina hayo, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi, na sonona ilipungua sana. Shirika la StrongMinds, lililoanza mwaka 2013, lilieneza njia hiyo kwa makundi makubwa ya wanawake. Kilichofanya kazi hapo ni uamuzi wa kuanza na maneno ya mteja. Uamuzi huo haujafanywa kwa Viziwi wa Walukuba au wa Namatala, ambao maneno yao hayatamkwi.

Isisahaulike pia kwamba hospitali si mlango wa kwanza kwa wengi. Tafiti za Catherine Abbo na wenzake katika wilaya za Jinja na Iganga, zilizochapishwa kuanzia mwaka 2008, zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliohudhuria kwa waganga wa jadi walikuwa na msongo wa kisaikolojia unaopimika. Mganga hana fomu. Humuuliza mtu habari za nyumbani kwake, kwa lugha ya nyumbani kwake, mbele ya ndugu zake. Anaweza kukosea tiba, lakini katika kuanzisha mazungumzo ameutangulia mfumo wa serikali.

Majina na uzito wake

Mtu huanza kunasihiwa, au kukatazwa kunasihiwa, pale anapoitwa jina. Kwa Kiganda mtu asiyesema ameitwa kasiru kwa vizazi vingi. Mzizi wa neno hilo, -siru, ndio uliomo katika musiru, mpumbavu. Kiambishi ka- kinaongeza udogo juu ya upumbavu. Anayekua akiitwa hivyo amekwisha kuambiwa, kabla hajafika kwa mnasihi, kwamba hana la kusema. Ndiyo maana jumuiya ya Viziwi imependelea kiggala, neno linalotaja masikio na kuiacha akili mahali pake.

Kiswahili nacho hakina mikono safi. Kiziwi, kipofu, kiwete na kilema vyote vimevaa kiambishi ki-, ingawa upatanisho wa kisarufi huvirudisha katika ngeli ya viumbe hai: kiziwi huyu amekuja, si kiziwi hiki kimekuja. Sarufi imekubali utu ambao umbo la neno linausitasitia. Jumuiya ya Viziwi nchini Tanzania imelibakiza neno hilo kwa makusudi, ndani ya jina la chama chake, CHAVITA, na uamuzi wa wenye jina unapaswa kuheshimiwa kuliko hisia za mwanaisimu yeyote. Pengine ndivyo majina yanavyotakaswa, kwa kuvaliwa na wenyewe.

Upande wa akili mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Kwa Kiganda eddalu, na kwa Kisoga eiralu, ni wazimu wa kuvua nguo na kuzurura sokoni. Mama anayelia kila usiku tangu ajifungue hatakubali kwamba ana eiralu, wala hana. Asipopewa jina jingine atakaa kimya. Katika Kiswahili cha maofisini, ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili hubadilishana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali la kwanza linahusu uwezo wa kujifunza na kuelewa tangu utotoni, na la pili ni maradhi yanayoweza kumpata profesa. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kupata sonona juu ya ulemavu wake. Lugha isiyotofautisha hayo mawili humnyima tiba ya la pili kwa kisingizio cha la kwanza: machozi yake yatasemwa kuwa ndivyo alivyo.

Mahakama za Uganda zimekwisha kuuona uzito huu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na shirika la CEHURD na mwenzake, ilikataa maneno ya kudhalilisha ambayo Sheria ya Kanuni ya Adhabu ilikuwa ikiyatumia kwa watu wenye ulemavu wa akili, ikayaona kuwa yanakiuka utu unaolindwa na Katiba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 nayo iliondoa sheria ya mwaka 1964, iliyobeba mawazo ya enzi ya ukoloni kuhusu kufungiwa na kutunzwa. Msamiati wa kisheria umesogea. Ule wa foleni ya wagonjwa bado.

Hojaji na mtu inayemdhania

Sehemu kubwa ya uchunguzi wa awali hufanywa kwa hojaji fupi. Inayotumika sana duniani kwa sonona ni PHQ-9, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Ni chombo kizuri, cha bure na cha haraka. Lakini kila hojaji humdhania mtu fulani, na anayedhaniwa na hojaji hii anaona, anasikia, anatembea na kusoma.

Swali la saba linauliza kama mtu amepata taabu kuzingatia jambo, na mifano inayotolewa ni kusoma gazeti au kutazama televisheni. Ukimuuliza hivyo mtu asiyeona, swali limekwisha kuharibika. Akijibu kwamba hasomi gazeti, alama ya kuandika ni ipi? Mnasihi mwerevu atabadilisha mfano papo hapo, aseme kusikiliza redio au kufuatilia mahubiri. Mwenye haraka ataandika 3 na kumwongezea mtu sonona asiyokuwa nayo. Swali la nane linahusu kutembea au kuzungumza polepole kiasi cha watu wengine kutambua. Kwa mtu mwenye mtindio wa ubongo, polepole ndiyo kasi yake ya kila siku tangu azaliwe. Swali la tatu, la nne na la tano ni za usingizi, uchovu na hamu ya chakula. Aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda hugeuzwa usiku ili asipate vidonda vya kulalia. Hulala vibaya kwa sababu anageuzwa, na jibu lake la kweli linaweza kusomeka kama dalili ya kitu kingine.

Hojaji nyingine ya Shirika la Afya Duniani, SRQ, ambayo huulizwa kwa ndiyo na hapana, ina swali linalotaka kujua kama mtu hawezi kushiriki kwa manufaa katika maisha. Mtu mwenye ulemavu ambaye ameambiwa hivyo na shangazi, mwalimu na diwani atajibu ndiyo. Je, anaeleza dalili au ananukuu kijiji? Hakuna kipimo cha takwimu kitakachotenganisha hayo mawili. Mazungumzo ya dakika tano yanaweza. Katika toleo refu la hojaji hiyohiyo lipo swali kuhusu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kumuuliza Kiziwi swali hilo neno kwa neno ni kichekesho chenye madhara, kwa kuwa Viziwi wenye saikosi hueleza mambo yanayowapata kwa njia ambazo swali hilo haliwezi kuzinasa, wala jibu la hapana si ushahidi wa uzima.

Tafsiri inayofaa inawezekana, na kazi yake inajulikana. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha toleo la PHQ-9 katika Lugha ya Alama ya Uingereza, lililorekodiwa kwa video na kupimwa upya miongoni mwa Viziwi wenyewe. Hawakutafsiri sentensi za Kiingereza. Walitafuta jinsi Kiziwi anavyoeleza huzuni, wakaanzia hapo. Lugha ya Alama ya Uganda ina sarufi yake: uso hubeba swali, nyusi hutofautisha ulizo na taarifa, mwili huchora wakati. Mnasihi asiyejua hayo anaweza kuuona uso unaofanya kazi ya kisarufi akaudhani una hasira, au akauona mwili uliotulia akaudhani umekata tamaa. Kosa la namna hiyo huingia katika faili kama maoni ya kitabibu.

Mtu wa tatu chumbani

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika kutaja uendelezaji wa lugha ya alama. Chama cha kitaifa cha Viziwi, UNAD, kilikuwapo tangu 1973. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda ilitoka 2006. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha wakalimani. Mbale ina shule ya sekondari ya Viziwi. Mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ilichukua nafasi ya ile ya 2006. Msingi, kwa hiyo, upo. Mpwa au jirani anayeketi kati ya mnasihi na mteja ndiye anayeonyesha umbali uliobaki.

Chukua mfano wa kubuni. Mwanamke Kiziwi kutoka kijiji cha Mbale vijijini analetwa na mama mkwe wake kwa kuwa hali na hacheki. Mnasihi anauliza kwa Kimasaba; mama mkwe anaashiria kwa alama za nyumbani, ambazo familia ilizibuni kwa kupika, kulima na kuitana. Hakuna alama ya aibu. Hakuna alama ya kumwogopa mume. Mwanamke anaashiria kwa muda mrefu, mikono inatetemeka, na mama mkwe anafupisha: anasema amechoka. Faili inaandikwa uchovu. Hapa hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini iwapo kinachomtesa mwanamke huyo kinatoka katika nyumba ya mama mkwe, chumba cha unasihi kimekuwa sehemu ya nyumba hiyo.

Mkalimani aliyefundishwa huondoa sehemu ya tatizo hilo na kuleta mengine. Jumuiya ya Viziwi ya mji wa kiasi cha Mbale ni ndogo. Mkalimani wa leo hospitalini ndiye wa jana kanisani na wa kesho harusini, na mteja anajua kwamba atakutana naye tena. Usiri wa watu wawili unakuwa wa watu watatu, na yule wa tatu mara nyingi hajaapishwa na hospitali wala hayumo katika orodha ya mishahara yake. Ukalimani wa unasihi pia si sawa na ule wa mkutano. Mkutanoni mkalimani mwema husafisha usemi. Katika unasihi hapaswi kuusafisha. Mteja akirudia neno mara nne, mnasihi anahitaji zote nne. Akisema jambo lisiloshikana, mkalimani akilinyoosha kwa nia njema ameificha dalili. Haya hujifunzwa kwa mazoezi ya pamoja, na dakika kumi za kuelewana kabla ya mteja kuingia huokoa saa nzima.

Kwa Kiziwi mwenye alama za nyumbani tu, mkalimani wa Lugha ya Alama ya Uganda peke yake hatoshi. Njia inayofaa ni kumwongeza Kiziwi mwenzake, mzoefu wa kuwasiliana na wasiopita shuleni, akae kati ya mteja na mkalimani. Mazungumzo yatakuwa ya polepole. Kikao kimoja kitahitaji muda wa viwili, na ratiba ya kliniki yenye foleni ndefu haitalifurahia hilo. Hata hivyo njia hii inawapa Viziwi wenyewe kazi ya kitaalamu ndani ya mfumo wa afya, jambo ambalo kwa thamani yake linaweza kuupita ukalimani wenyewe.

Lipo pia suala la sheria ambalo hutajwa kwa nadra. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Anayesikia humnong'oneza mnasihi jambo hilo. Kiziwi hulisema mbele ya shahidi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Hadi Uganda itakapofuata mkondo huo, kila mkalimani wa hospitali anahitaji maelekezo ya maandishi kuhusu asemacho na asichosema nje ya chumba.

Huduma za simu za bure, zikiwemo za watoto kupitia nambari 116, zimewasaidia wengi. Kwa asili yake simu ya sauti humwacha Kiziwi nje. Kuongeza ujumbe wa maandishi ni hatua, lakini isidhaniwe kuwa inamaliza kazi: kwa Viziwi wengi Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu waliyoisoma kwa taabu. Simu ya video yenye mkalimani wa mbali ingefaa zaidi Jinja, penye mtandao wa kuaminika, kuliko katika makorongo ya Bududa.

Wasioona, wasiotembea, na wanaohitaji lugha nyepesi

Kwa asiyeona, unasihi wa maneno unaonekana kuwa mwepesi, na kwa kiasi fulani ni mwepesi. Tatizo hukaa katika yasiyosemwa. Mnasihi hufundishwa kutikisa kichwa, kuinamia mbele na kunyamaza kwa makusudi. Ukimya huo, kwa asiyeuona uso, unaweza kuwa ni mtu aliyetoka chumbani. Inambidi mnasihi atamke kile alichozoea kukionyesha, na amtaje kila aliyemo, hata mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama kimya pembeni. Kazi za nyumbani, ambazo tiba nyingi za kisasa hutegemea, zirekodiwe kwenye simu ya mteja badala ya kuchapwa kwenye karatasi atakayosomewa na mtoto wake.

Kwa wenye ulemavu wa viungo, nauli ndiyo ngazi ya kwanza. Huduma ya bure inayohitaji bodaboda mara nane kwa miezi miwili si ya bure. Ziara za nyumbani, kama zile za Jinja zilizotajwa, zinajibu hilo, ila nyumba ya chumba kimoja ina wasikilizaji, na ukuta wa mabati hautunzi siri. Wahudumu wengine hutafuta kivuli cha mwembe mbali kidogo na ua. Ni suluhisho la busara pale kiti cha magurudumu kinapoweza kufika.

Wenye ulemavu wa akili wanahitaji sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, picha, na maswali yasiyojibika kwa ndiyo tu, kwani wengi wamejifunza kwamba ndiyo huwafurahisha wakubwa. Tamathali za unasihi, kama vile kubeba mzigo au kufunga ukurasa, zinaweza kuchukuliwa kwa maana ya moja kwa moja. Wazazi nao wasisahaulike. Hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa kituo mashuhuri duniani cha upasuaji wa vichwa vikubwa na mgongo wazi, hupokea akina mama waliokwisha kuambiwa na jamaa kwamba wamelaaniwa. Mama huyo ni mteja wa unasihi kama mtoto wake alivyo mteja wa daktari.

Kiswahili kinafaa wapi

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia azimio la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii. Kishawishi cha kukifanya Kiswahili lugha ya huduma zote kinaeleweka. Katika unasihi kinahitaji kizuizi. Jinja ilikuwa na Kiswahili cha kambi ya jeshi na cha viwandani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa wazee wengi kimebaki na mwangwi wa amri usiku mlangoni. Mtu haliwazwi kwa lugha iliyomtisha. Vijana wa sokoni na wavukaji wa mpaka wa Malaba wana uhusiano mwingine nacho, wa biashara na muziki, na kwao kinaweza kufaa. Achague mteja.

Manufaa makubwa ya Kiswahili yako nyuma ya pazia, katika mafunzo na istilahi. Tanzania imezoea sonona. Jinja neno hilo ni geni. Kenya ilikwisha kuipa Lugha ya Alama ya Kenya nafasi katika Katiba ya mwaka 2010, na uzoefu wake wa ukalimani unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa Mbale. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingefanya kazi yenye faida kwa kusanifisha tofauti kati ya ulemavu wa akili, ugonjwa wa akili na ulemavu wa kisaikolojia na jamii, kisha kuoanisha istilahi hizo na Kisoga, Kiganda na Kimasaba. Kituo cha Utafiti wa Utamaduni kilichoko Jinja kimekwisha kuchapisha kamusi ya Kisoga. Mashauriano hayaanzi sifuri.

Nani alipe

Tathmini ya mfumo wa afya ya akili wa Uganda ya mwaka 2006, iliyofanywa kwa zana ya Shirika la Afya Duniani, ilikuta kwamba asilimia 1 tu ya matumizi ya afya ilikwenda kwa afya ya akili, na zaidi ya nusu yake ilibaki katika Hospitali ya Butabika, Kampala. Mikoa iligawana makombo. Mradi wa PRIME, ulioendeshwa wilayani Kamuli kuanzia mwaka 2011, ulionyesha kwamba huduma ya sonona inaweza kutolewa katika vituo vya kawaida vya afya, na Kamuli si mbali na Jinja. Njia hiyo ya kugatua inatoa nafasi: kadiri unasihi unavyosogea karibu na kijiji, ndivyo nauli inavyopungua na lugha ya nyumbani inavyorudi. Hata hivyo, mkalimani mmoja hawezi kukaa katika kila kituo. Kinachowezekana ni siku moja maalumu kila wiki katika hospitali ya rufaa, yenye mkalimani na msaidizi Kiziwi wanaolipwa na hospitali, na vituo vya chini vikapeleka wateja siku hiyo kwa nauli inayorudishwa. Malipo hayo yakiachiwa miradi ya wafadhili yataisha pamoja na mradi.

Bunge la Uganda lina wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na mabaraza ya mitaa yana wawakilishi wao pia. Hawa wakidai bajeti ya ukalimani wataulizwa idadi ya wanaoihitaji, na jibu la maana litatoka kwenye daftari la mapokezi. Swali moja likiongezwa hapo, mteja anawasiliana kwa lugha gani au kwa njia gani, likaulizwa kwa kila anayefika kitengo cha afya ya akili cha Jinja na cha Mbale bila kungoja mpaka ulemavu wake uonekane, ndani ya mwaka mmoja hospitali itajua ni saa ngapi za ukalimani zilihitajika, ngapi zilipatikana, na wangapi walirudi nyumbani wakiwa na faili iliyoandikwa na mtu mwingine.